Mwenye Gita na Mwenye Vyombo

Kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, dhahabu ina wenyewe wengi kabla haijamfikia aliyeichimba. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara, yaani shimo lenyewe, ana lake, na anayegharamia chakula, magogo na mipira ya kuvuta maji ana lake. Aliyeshuka chini na nyundo na tindo husubiri mifuko ipande, igawanywe, ndipo ajue siku yake imekuwaje. Hata hapo hajamaliza. Akiupeleka mfuko wake karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, ukasagwa na kuoshwa, mchanga unaobaki, ambao wenyewe huuita marudio, kwa kawaida ni mali ya mwenye karasha. Huyo huulaza kwenye dawa na kutoa dhahabu nyingine ambayo mchimbaji haioni kwa macho.

Msomaji aniwie radhi kwa kuanza historia ya muziki na habari za karasha. Huku Shinyanga na Geita tunajua vizuri kwamba jasho ni la mtu mmoja na mali yaweza kuwa ya mwingine. Kwa jicho hilo naamini tunaweza kumwelewa Patrick Pama Balisidya kuliko wanavyomwelewa wale wanaomkumbuka kwa kuimba tu nyimbo zake.

Balisidya alikuwa mtu wa Mvumi, Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1946. Alipiga gita, akapiga kinanda, akatunga, akaimba, na mwaka 1970 akaanzisha bendi ya Afro 70. Kama yupo Mtanzania anayestahili kutajwa kwa pumzi moja na Wamarekani Weusi walioanzisha muziki wa roki, mimi namtaja yeye. Wapo watakaomtaja Mbaraka Mwinshehe, na sitagombana nao sana. Wapo watakaomtaja Freddie Mercury, ambaye naye alizaliwa mwaka huohuo wa 1946, pale Mji Mkongwe, Unguja. Lakini Freddie, mtoto wa Kiparsi, aliondoka na familia yake mwaka 1964, na gita la umeme, amplifaya na studio alivikuta Uingereza vikimngoja. Balisidya alibaki, na vyombo akavitafuta hapahapa.

Hao Wamarekani tuwataje kwanza, maana kisa chao na cha kwetu vimepandana kuliko inavyodhaniwa. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha Cotton Plant, Arkansas, nchi ya pamba kama ilivyo Kishapu. Alikuwa mwanamke wa kanisa, na gita la umeme alilipiga kwa namna ambayo wanaume wengi walikuja kuiiga baadaye na kuitwa mashujaa. Wimbo wake wa mwaka 1944, "Strange Things Happening Every Day", wapo wanaouhesabu kuwa roki ya kwanza kurekodiwa. Alifariki mwaka 1973. Ukumbi wa heshima wa roki, Rock and Roll Hall of Fame, ulimkumbuka mwaka 2018, miaka 45 baadaye.

Kisha Chuck Berry wa St. Louis. Mwaka 1955 alikwenda Chicago, kwenye kampuni ya Chess, akarekodi "Maybellene". Santuri ilipotoka, kwenye nafasi ya mtunzi yalikuwepo majina matatu: la Berry, la Alan Freed na la Russ Fratto. Freed alikuwa mtangazaji wa redio mwenye uwezo wa kuupandisha wimbo au kuuzika. Fratto alikuwa mtu wa biashara aliyejuana na wenye kampuni. Kutunga, hakuna aliyetunga ila Berry. Ilipita miongo mitatu, hadi 1986, kabla jina lake halijabaki peke yake. Mtu aliyefanyiwa hivyo akiwa kijana hubadilika. Berry akawa hapandi jukwaani mpaka aione fedha taslimu. Hakusafiri na bendi. Mkataba wake ulimtaka mwandaaji atafute wapigaji na aweke amplifaya mbili za aina ya Fender Dual Showman, na Berry mwenyewe angekuja na gita lake mkononi, basi. Magazeti yalimwita jeuri na bahili. Mtu wa Nyarugusu angemwita mchimbaji aliyekataa kushuka duarani kabla ya kujua mgao.

Huyo ndiye ambaye wimbo wake "Johnny B. Goode" ulipakiwa mwaka 1977 kwenye chombo cha Voyager na kurushwa angani, uwe sampuli ya sauti za wanadamu. Mwaka huo wa 1977 uwekwe akilini, tutaurudia.

Huku kwetu gita lilikuja kwa njia nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na jina lisimdanganye mtu: jazi ya Wamarekani haikuwa kazi yake kubwa. Baada ya vita vya pili vya dunia santuri za Kikuba zikaenea, rumba ikapita Kongo ikarudi na magita matatu yanayosemezana, na mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo. Upande wa magharibi kazi kubwa ilifanywa na reli. Njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikapita katikati ya Shinyanga, na kila kilichopendwa Tabora kilifika huku bila kuchelewa. Tabora ilikuwa mji wa muziki hasa. Ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz iliyompa jina Shem Karenga.

Fedha pia zilikuwepo. John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940, na kando ya mgodi ukaota mji wa watu wenye mshahara wa kila mwezi. Mkulima wa pamba naye alipouza baada ya mavuno alinunua baiskeli, kisha redio. Geita kulikuwa na mgodi wa dhahabu tangu ukoloni, uliofungwa mwaka 1966, na wakati wake ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Kwa hiyo wapo waliokuwa na senti ya santuri na ya kiingilio cha dansi.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa Dar es Salaam hulisahau. Gita la umeme halikuja Usukumani kuziba pengo lolote. Lilikuta watu waliokwisha kugawanyika zamani, wagalu na wagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana uwanjani baada ya mavuno, kila upande na waganga wake na manju wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Lilikuta bugobogobo, ngoma ya majembe. Lilikuta watunzi kama Kalikali na Gindu Nkima, ambao tungo zao zilikaririwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona kwa sura. Hadhira ya namna hiyo haidanganywi na kelele za spika. Mpiga gita alitakiwa aje na kitu.

Watu wa magharibi hawakubaki kusikiliza tu. Mwaka 1959, jijini Dar es Salaam, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz Band, na wanamuziki wengi aliowakusanya walitoka upande huu wa nchi, ndiyo maana ya jina lile. Ukitoka Shinyanga kwa barabara kwenda Tabora unapita Nzega, kwa hiyo hawa ni ndugu kabisa. Mtindo wao waliuita Saboso. Rashid Hanzuruni alipokuwa kwenye gita la solo, vijana wa miaka ya 1960 walikwenda kusimama mbele ya jukwaa kumtazama vidole badala ya kucheza. Bado naamini Hanzuruni hajapata heshima yake.

Lakini vyombo ni vya nani? Hapo ndipo historia yetu inapojitenga na ile ya Marekani, halafu inarudi kukutana nayo mbele. Gita la umeme halipigwi peke yake. Linataka amplifaya, spika, besi, dramu, maikrofoni, gari la kubebea na umeme wenyewe. Kijana wa kawaida hawezi kuvinunua hivyo vyote, na baada ya Uhuru hali ya fedha za kigeni ilivyozidi kuwa ngumu, hata mwenye fedha hakuweza kuviagiza kirahisi. Kwa hiyo wenye vyombo wakawa ni taasisi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi la Kujenga Taifa lao, kiwanda cha nguo cha Urafiki chao, Umoja wa Vijana wao, Shirika la Bima lao. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, nayo ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam.

Sitaki kuubeza utaratibu huo. Nchi chache Afrika zilimwajiri mpiga tarumbeta akapata mshahara, likizo na matibabu kama karani. Nyimbo zilizotoka humo ni hazina, na wanamuziki wenyewe wa zama zile hukumbuka mshahara kwa hamu. Lakini mkataba ulikuwa na upande wake wa pili. Ukigombana na kiongozi unatoka na sauti yako tu, gita unaliacha palepale ulipolikuta. Ndiyo sababu bendi zetu zilimeguka kila mwaka. Waandishi waliita hayo ugomvi wa wasanii, na mara nyingi ilikuwa ni safari ya kutafuta mwenye vyombo mwingine.

Katika hali hiyo Balisidya alikuja mjini. Mvumi alikotoka ni misheni ya Kianglikana, yenye kanisa, shule na hospitali, katikati ya Ugogo, nchi ya zeze na marimba ambako watu huimba kwa sauti zinazopandana bila kufundishwa noti. Kijana aliyekulia hapo husikia nyimbo za kanisani asubuhi na za Kigogo jioni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akajiunga na Dar es Salaam Jazz Band, moja ya bendi kongwe kabisa, akajifunza kazi kwa wazee.

Wakati huohuo vijana wa mjini walikuwa na masikio mengine. James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett: soul ilikuwa imeingia Dar es Salaam kwa nguvu, na bugi lilichezwa mchana kwenye kumbi na kwenye madansi ya wanafunzi. Serikali haikufurahi. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Ulipokaribia kwisha, mwezi Novemba, Mkoa wa Pwani, ambao enzi hizo uliibeba Dar es Salaam, ukapiga marufuku muziki wa soul. Hoja ilikuwa utamaduni wa Taifa na maadili ya vijana. Kejeli yake ni kwamba muziki uliofukuzwa kama wa kigeni ulikuwa wa watu Weusi waliokuwa wakiimba utu wao, kipindi ambacho Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa bara zima. Vijana waliandika magazetini kuuliza: mbona mnaturuhusu rumba?

Miezi michache baadaye Balisidya, mwenye miaka 24, akaipa bendi yake jina la Afro 70. Sina haja ya kumwekea maneno mdomoni. Nitazame tu alichofanya. Hakuiga soul, na wala hakurudi kupiga rumba kama wazee walivyoipiga. Alichukua gita la umeme na kinanda, akavipunguzia papara, akaweka juu yake uimbaji wa Kiswahili safi unaosikika kila neno, na mtindo akauita Afrosa. Ukiusikiliza wimbo "Harusi", gita linaingia kama mtu anayekuja kusalimia, wala halina haraka ya kumaliza habari. "Dirishani" nao ni mwendo uleule wa kujiamini. Alikuwa na sauti nyororo isiyojipandisha, na nadhani hiyo ndiyo siri. Wengi waliopata amplifaya kwa mara ya kwanza walitaka kumshinda kila mtu kwa kelele. Yeye alitambua kwamba umeme unaweza kukuruhusu kunong'ona na bado ukumbi mzima ukasikia.

Hakuwa peke yake. Dar es Salaam hiyohiyo ilikuwa na Sunburst, vijana waliopiga roki ya Kiafrika waziwazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, wakahamia Zambia na kurekodi huko albamu ya "Ave Africa" mwaka 1976. Walisahauliwa hapa nyumbani mpaka kampuni moja ya London, Strut, ilipozikusanya kazi zao na kuzitoa upya mwaka 2016. Hayo ndiyo marudio. Mchanga ulioachwa hapa kama takataka, mwenye karasha Ulaya akaona bado una dhahabu. Walau wao waliwataja kwa majina na kueleza habari zao.

Sasa 1977. Kati ya Januari 15 na Februari 12, Lagos ilifanya tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu Weusi duniani, FESTAC. Stevie Wonder alikuwepo, Miriam Makeba, Sun Ra, Gilberto Gil, Franco na bendi yake. Kwa upande wa muziki wa dansi Tanzania ilipeleka Afro 70. Huyu ni kijana wa Mvumi, na bendi aliyoianzisha mwenyewe bila shirika la umma, akisimama mbele ya dunia nzima ya watu Weusi kwa jina la nchi iliyokuwa imepiga marufuku soul miaka 7 iliyopita.

Na nyumbani hakukuwa kimya. Februari 5 ya mwaka huohuo, TANU na ASP ziliungana, Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Siku hizohizo mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa inakata roho, na mpaka ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Hilo la mpaka laonekana ni siasa tupu, lakini lilikuwa pigo kwa mwanamuziki wa Tanzania kuliko amri yoyote ya mkuu wa mkoa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Santuri zetu zilichapwa Nairobi, na soko la Nairobi ndilo lililompa msanii wa Tanzania senti ya ziada nje ya mlango wa dansi. Mlango huo ukafungwa Balisidya akiwa na sifa kubwa kuliko wakati wowote.

Kuhusu kilichoipata Afro 70 baada ya Lagos, wanamuziki wa kizazi kile husimulia habari moja: vyombo. Bendi ilirudi na heshima lakini haikuwa na zana za kuendeshea kazi, na bendi isiyo na zana ni majina kwenye karatasi. Wapigaji wakatawanyika kutafuta pa kulia ugali. Mimi, katika yote niliyosoma na kusikia juu ya muziki wetu, sijui hukumu kali kuliko hiyo: bendi iliyoiwakilisha nchi kwenye tamasha la dunia ikakosa amplifaya.

Balisidya hakukaa kulia. Mwaka 1979 alikuwa Sweden, akirekodi na kundi la Archimedes Badkar, Waswidi waliopenda kuchanganya roki na muziki wa mataifa mengine. Kazi ile ikaitwa "Bado Kijana". Ukiisikiliza leo unashangaa. Magita yanajibizana bila kukanyagana, midundo inazunguka muda mrefu, na katikati yake yumo Balisidya, anaimba Kiswahili kilekile cha Afro 70 kana kwamba yuko Ilala. Wengi wa bara letu waliokwenda kurekodi Ulaya miaka iliyofuata walilainishwa ili wauzike. Kwenye "Bado Kijana" ni wenyeji wanaomfuata mgeni. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya rekodi kubwa kabisa alizopata kufanya Mtanzania, na ni aibu kwamba kijana wa Kahama anaweza kumaliza shule bila kuisikia.

Mwezi Januari mwaka huohuo wa 1979, Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na miaka 34. Naye alikuwa ameondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano, akitaka asiwe mtu wa kuajiriwa kwenye muziki wake mwenyewe. Tazama na Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978. Bendi iliyompa jina iliitwa Super Matimila, na Matimila alikuwa mfanyabiashara mwenye vyombo. Remmy, mtetezi wa wanyonge kuliko wote, aliimba miaka yote ile chini ya jina la mwenye vyombo. Hadi albamu zake zilizotolewa na kampuni ya Peter Gabriel, "Songs for the Poor Man" ya 1989 na "Mambo" ya 1992, zimebeba jina hilo. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyetamba na Safari Trippers na Dar International, alifariki mwaka 1995, na wakati huo nyimbo zake ziliimbwa na kila mtu.

Redio nayo isiachwe. Radio Tanzania ilizirekodi bendi hizi kwa miongo mingi, na bila studio yake pengine tusingekuwa na kumbukumbu yoyote. Kanda zile sasa ziko chini ya TBC. Lakini wimbo ulichezwa asubuhi, mchana na usiku, nchi nzima ikautia mdomoni, na mtunzi hakuona chochote kwa kila mara ulipochezwa. Sheria ya Hakimiliki iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki za watunzi, ilikuja mwaka 1999. Balisidya alifariki mwaka 2004.

Alichoacha kiko wapi? Kiko kwenye mahema ya sherehe, Shinyanga mjini, Kahama, Katoro, Geita. Jumamosi jioni maharusi wanapoingia, baada ya singeli na nyimbo za Kisukuma, mshereheshaji akitaka wazee nao wainuke anaweka "Harusi" ya Afro 70. Wanainuka. Bibi aliyekuwa amekaa na mkoba mapajani anainuka. Wimbo una umri wa kutosha kuwa na wajukuu, na bado hakuna aliyepata mwingine wa kuuondoa kwenye nafasi hiyo. Uliza hemani hapo nani aliutunga, utajibiwa ni wimbo wa zamani.

Kiko pia kwa vijana ambao hawajui kwamba ni warithi wake. Leo mwimbaji wa Kisukuma ana kundi lake, anaalikwa kijiji kwa kijiji, anarekodi kwenye chumba kimoja chenye kompyuta, anapiga picha za video shambani na kuzituma kwenye simu za watu kabla ya jua kuzama. Vyombo vimekuwa rahisi. Mgogoro haukuisha, umehama tu: zamani ulikuwa kwa mwenye amplifaya, sasa uko kwa mwenye studio anayeshika faili la wimbo, na kwa anayeupakia mtandaoni kwa jina lake.

Geita imetuonyesha kwamba mambo ya namna hii hurekebishika. Mwezi Machi 2019 mji huo ulifunguliwa soko la madini, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kupeleka gramu zake zikapimwa mbele yake na bei ikajulikana, badala ya kuuza gizani kwa anayemkuta. Halijamaliza dhuluma zote za duarani, lakini mizani ipo mezani na kila mtu anaiona. Muziki wa kina Balisidya unataka mizani hiyo. TBC ifungue hazina ya kanda za Radio Tanzania, majina ya watunzi na wapigaji yaandikwe kwenye kila wimbo, na familia zao zilipwe kila unapouzwa au kurushwa. Na wewe mshereheshaji, Jumamosi ijayo ukiiweka "Harusi", kabla watu hawajaanza kucheza, shika maikrofoni useme: huyu ni Patrick Balisidya, na bendi ni Afro 70.